Mtu Aliyelala Mlangoni

Mwajabu Mkude alikuwa amekwama, na Mwajabu akikwama hakai wala hakaliki naye. Asubuhi ile alikwishakwenda dirishani na kurudi mara asizozihesabu, kahawa yake ilikuwa imepoa bila kuonjwa, na kwenye skrini mtu yuleyule alikuwa bado amelala mlangoni, mikono kifuani, kofia usoni, hataki kupisha.

"Amka baba," alimwambia. "Wenzio tuna kazi."

Alimgusa kwa kipanya, akachagua ONGEA.

"Siondoki bure," mtu akajibu kutoka chini ya kofia.

Akachagua SUKUMA.

"Nisukume tu. Huko ndiko kunibembeleza nilale."

Mchezo wenyewe uliitwa Kifurushi. Ulikuwa mmoja wa ile michezo ya zamani ya safari na mafumbo, ambayo mchezaji hapigi mtu wala hafukuzani na gari. Anatembea taratibu chumba hadi chumba, anatazama, anaongea, anaokota kila takataka na kuitia mkobani akijua ipo saa itamfaa. Humo wewe ni karani wa posta ya mlimani. Mvua imefuta anwani kwenye kifurushi, nawe unazunguka kijiji kizima ukimtafuta mwenyewe. Kuna mbuzi anayekula stempu mpaka umpe gazeti la jana. Kuna mwalimu asiyekuonyesha njia mpaka umtengenezee saa ya ukutani, na ukishaitengeneza anakasirika kwa kuwa amegundua amechelewa. Mwajabu alikuwa ameshamaliza michezo ya kale mingi kuliko watu anaowafahamu kwa majina, lakini huu ulikuwa umemshika shati.

Waliutengeneza vijana wawili wa Morogoro, enzi ambazo kompyuta bado zilikuwa na vitufe. Desderi Banzi aliandika maneno, Theodosia Lukoa akachora vyumba. Walifika mpaka mlango wa mwisho, mlango wa mwenye kifurushi, wakagombana. Theodosia akaondoka na rangi zake, akaajiriwa mbali, na mchezo haukutoka. Desderi hakumtafuta mchoraji mwingine. Alirudi kwao Mgeta, akazeeka, akafa. Theodosia hakwenda kuzika.

Hayo yote Mwajabu aliyajua kwa sababu Bi Theodosia mwenyewe alimsimulia siku alipoileta diski pale Ghala la Michezo ya Kale, alikoajiriwa Mwajabu, akiuliza kama ni kweli chombo kiitwacho Kimalizi kinaweza kuumalizia mchezo.

Kimalizi kiliweza. Tangu ipite Sheria ya Kazi Pungufu, nchi ilikuwa imechoka na vitu nusu, na kila kilichoachwa njiani kilipelekwa kumaliziwa: nyimbo, hadithi za mababu, ramani za nyumba. Jirani yake Mwajabu alikuwa amemaliziwa kitambaa ambacho mama mkwe wake alikiacha katikati ya kushona, na sasa alikuwa analalamika kwamba ua la mwisho limetoka kubwa mno, maana marehemu alikuwa mchoyo wa uzi.

Chombo hicho hakikubuni hovyo kama watoto walivyodhani. Kilipewa masalia ya mtu: faili alizozifuta, sentensi alizoziandika akazijutia, kimya alichokaa kabla ya kubonyeza herufi, barua zake, sauti zake. Sauti zilisafishwa kwanza. Upepo, kikohozi, sufuria, kila kisichokuwa mtunzi kiliondolewa na kuwekwa pembeni katika faili iliyoitwa taka. Katika kilichobaki Kimalizi kilitafuta mazoea ya mtu, na mazoea ya mtu, wahandisi walipenda kusema, ndiyo mtu mwenyewe.

Lakini sheria ilitaka pia awepo shahidi mwenye damu. Kazi ya Mwajabu ilikuwa kucheza mchezo uliomaliziwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha kuapa kwamba maneno yaliyoongezwa ni ya mtunzi, au yangekuwa yake. Akibonyeza Thibitisha, mchezo unatoka kwa ulimwengu mzima. Akibonyeza Kataa, unarudi kabatini, na hauguswi tena na Kimalizi maadamu yupo mtunzi mmoja aliye hai. Bi Theodosia, kwa umri wake, hakuwa na nafasi ya pili.

Na Bi Theodosia alikuwa ameshaucheza. Watunzi waliruhusiwa kuonja kabla ya shahidi. Alikuja amejikunja, akatoka amenyooka, akampigia Mwajabu simu kesho yake kumwambia kwamba amelala usiku kucha na asubuhi amekula mihogo miwili.

Mwajabu akarudi kwenye mtu wake wa mlangoni, ile sehemu iliyoongezwa na Kimalizi. Akafungua mkoba, akampa kipande cha sabuni.

"Ahaa," mtu akasema, mguu mmoja ukainuka. "Mguu wa kulia umefufuka. Wa kushoto bado maiti."

Mwajabu akampa ufunguo wenye kutu. Mguu wa kushoto ukafufuka. Akampa gazeti lililotafunwa na mbuzi, mtu akaketi, akalitupa begani, akadai na mgongo nao una njaa. Mwajabu alikuwa anacheka peke yake kama mwehu. Akatoa kitu cha mwisho alichobakiza, mtu akasimama, akafungua mlango, akapokea kifurushi. Muziki ukashuka. Na sauti ya Desderi Banzi, pole, nzito, ikasema:

"Yule msichana wa rangi, mkimwona, mwambieni mimi sikukasirika. Hata siku moja. Mimi na hasira tulikutana wapi? Alipoondoka nilisema aende salama, nikala, nikalala."

Mlango ukafungwa. Mchezo ukaisha.

Mwajabu hakulia, ingawa alitarajia kulia. Aliinuka, akazunguka meza, akakaa, akainuka tena. Kulikuwa na kitu alichokiona zamani, na si kwenye mchezo wowote. Alikiona kwenye msiba wa mjomba wake. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa, jeneza limefika, na mwanamke mmoja, mtani wa ukoo wao, mwenye ruhusa ya kumfanyia mzaha hata marehemu, alikuwa ameingia kaburini na koti la mjomba mwilini na kofia ya mjomba usoni, amelala chali, anawaambia waombolezaji kwa sauti ya mjomba kwamba hapishi mtu mpaka apewe chochote. Wakampa tumbaku, akainua mguu mmoja.

"Mungu wangu," Mwajabu alisema kwa sauti. "Huyu si Desderi. Huyu ni mtani."

*

Masalia ya Desderi yaliletwa na mpwa wake, Kanisius. Mwajabu aliyapitia yote akiwa wima, kwa kuwa kiti kilikuwa kinamuudhi. Barua. Faili zilizofutwa. Desderi akiimba kanisani, Desderi akimfokea fundi bomba. Halafu rekodi moja ndefu kuliko zote, ambayo Kanisius aliiambatanishia maneno yake: *Hii ndiyo nzuri kupita zote, humu mjomba yumo mzimamzima.*

Tarehe ya rekodi ilikuwa siku aliyozikwa Desderi Banzi.

Mwajabu alikaa sasa. Hakumlaumu Kanisius hata kidogo. Nyumba nyingi alizozijua zilifanya vilevile: mtu akifa, picha zake huwekwa kabatini, lakini rekodi ya mtani akimwigiza husikilizwa kila mwaka, watoto wakigaragara kwa kicheko, na mtu akiuliza babu alikuwaje wanamwambia sikiliza hapa. Kwao ilikuwa kumbukumbu halali. Kimalizi nacho kilisikia mtu mwenye sauti ya Desderi, mikato ya Desderi, vituo vya Desderi, kikaamini. Hakuna mhandisi aliyewahi kukiambia kwamba Uluguru marehemu huongea kwenye mazishi yake.

Alikwenda kwa mkuu wa Ghala, Gervas Ntukula, mtu mwema aliyependa vitu vifike mwisho kiasi kwamba alikuwa akimalizia watu sentensi zao.

"Sauti ya mwisho si ya mtunzi," Mwajabu alimwambia. "Ni ya mtani wake. Alikuwa ana—"

"Anamwigiza. Naona." Gervas alisikiliza kipande cha rekodi, akajifuta uso. "Lo. Na kipimo cha Kimalizi kimeipa alama za juu kuliko sauti ya Desderi mwenyewe."

"Kwa hiyo siwezi kuapa."

"Subiri kwanza. Kiapo kinasema maneno yake, *au yangekuwa yake*. Mtani alimjua?"

"Alimjua."

"Msibani watu walipinga?"

"Sijui."

"Basi huenda alisema alichokuwa akisema marehemu. Mwajabu, dada yangu, mimi nimezungumza na yule bibi jana. Ameniambia anakwenda Mgeta kuweka maua kaburini. Miaka yote hajathubutu kukanyaga huko. Ukikataa, nani anafaidika? Desderi? Wewe?"

Mwajabu aliinuka, akatundika mkoba begani. Kiapo kilitakiwa kesho yake jioni.

"Nakwenda kumwona huyo mtani," akasema.

"Na akikuambia yalikuwa maneno ya Desderi?"

"Nitathibitisha."

"Na akikuambia siyo?"

Gervas alijaribu kummalizia jibu, akashindwa, akamfungulia mlango.

*

Gari la kamba lilimpandisha Mgeta asubuhi, likining'inia juu ya matuta ya kabichi na karoti yaliyopangwa ngazi kwa ngazi mpaka kwenye mawingu. Mwajabu alisimama njia nzima. Abiria mwenzake alimuuliza kama anaogopa, akamwambia hapana, naogopa kufika.

Bi Sikudhani Mgaya, ambaye Kanisius alimtaja kwenye simu kuwa ndiye mtani wa ile rekodi, alikuwa amekaa kizingitini akichambua njegere. Alikuwa mwembamba, mfupi, na uso wenye mikunjo ya mtu aliyewacheka wengi. Mwajabu akamwamkia.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Wa nani wewe?"

Mwajabu alipotaja ukoo wa mama yake, njegere zilisimama mkononi.

"He! Kumbe takataka yangu!" Bi Sikudhani akapiga kelele kwa furaha. "Ninyi ndio mnaozika watu wenu na viatu vya kuazima! Kaa chini, mtumwa wangu, chambua. Bure hutakula hapa."

Mwajabu akakaa, akachambua. Mtani hakataliwi. Baada ya kutukanwa vya kutosha na kupewa uji, alieleza kilichomleta, akamchezea kile kipande cha mwisho kwenye simu yake: mlango, muziki, sauti pole.

Bi Sikudhani alisikiliza kichwa kikiwa upande. Mwanzoni alitabasamu, kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya ujana. Halafu tabasamu likaondoka.

"Mimi ndiye huyo," akasema. "Lakini mbona mmenifanya hivi?"

"Vipi, Bibi?"

"Mmenipunguza mwendo. Na watu wako wapi?"

"Watu gani?"

"Watu! Walikuwa wamejaa hadi kwenye migomba. Nilipofika hapo, 'mimi na hasira tulikutana wapi', walianguka. Padri alishika mti. Dada yake Desderi, aliyekuwa hajanyanyua uso tangu juzi yake, alicheka mpaka akaniomba nikome." Alimtazama Mwajabu kana kwamba anamtazama mtoto mzito wa kuelewa. "Mwanangu, Desderi alikuwa na hasira na yule mwanamke mpaka roho inamtoka. Hapa jina lake lilikuwa halitajwi. Ukileta kalenda yenye picha ya kuchorwa, anaigeuza ukutani. Kijiji kizima kilijua. Ndiyo maana nikamfanya aseme hakukasirika."

Mwajabu aliweka bakuli chini.

"Ilikuwa utani," akasema.

"Ilikuwa utani, na ulikuwa mzuri. Nikikaa kaburini namwazima marehemu mdomo, watu wacheke, wamkumbuke na ubaya wake, wapumue. Tukishamfukia navua koti lake, narudi kuwa Sikudhani. Sijawahi kulala nalo hata siku moja." Akaitazama ile simu kwa kinyaa. "Hicho chenu kinavua lini?"

Mwajabu aliizima simu. Aliona aibu, na aibu ilikuwa ya kazi yake, aliyokuwa akijivunia. Yeye na wenzake walichukua matusi ya kumuaga mtu, wakafuta kicheko, wakamuuzia bibi mzee kuwa ni msamaha.

"Huyo mwanamke yuko hai?" Bi Sikudhani aliuliza.

"Yuko hai. Na ameamini."

"Pole yako." Safari hii hakuwa anatania. "Mimi nilipewa kuku nikaenda nyumbani. Wewe hilo koti sijui utalivuaje."

*

Njiani kushuka alifanya jambo moja. Akiwa wima kwenye gari la kamba, kichwa kikigonga kioo, aliingia katika hifadhi ya Kimalizi na kuomba faili ya taka ya rekodi ile. Ilikuwa haijafutwa. Akaiunganisha tena na sauti, mshono kwa mshono, kama ilivyokuwa kabla haijasafishwa. Hakuisikiliza. Aliona si yeye anayetakiwa kuisikiliza kwanza.

Bado alikuwa hajaamua. Alijiambia anaweza kwenda kwa Bi Theodosia, akanywa chai, akamuuliza bibi hali yake, akaondoka. Bibi angekwenda Mgeta na maua yake, wenyeji wangemtazama, pengine asingetokea hata mmoja wa kumwambia. Watu hufa na uongo mkubwa kuliko huo wakiwa wametulia. Alijiambia hivyo mpaka getini, na mkono ulipogonga geti alikuwa anabishana na nafsi yake kwa sauti.

Bi Theodosia alikuwa amevaa kitenge kipya. Nyumba yake ndogo ya Kilakala ilinukia sabuni; madirisha yote yalikuwa wazi, na kitandani, mlango wa chumba ukiwa wazi, palionekana begi lililopangwa.

"Karibu mwanangu! Umekuja na kiapo? Nilijua. Nimemwambia hata dereva, kesho kutwa nipeleke mpaka kituo cha gari la kamba. Nitapanda mwenyewe. Unajua mimi naogopa kuwa juu sana, lakini nitafumba macho." Akaketi, akainuka kuleta sukari, akaketi. "Umefika mwisho? Umemsikia?"

"Nimemsikia, Bibi."

"Nikala, nikalala," Bi Theodosia alisema taratibu, na macho yakamjaa. "Mtu mwema vile. Nami nimejitesa bure."

Hapo ndipo Mwajabu alipoona kwamba hataweza. Angeweza kunyamaza mbele ya furaha, lakini si mbele ya *nami nimejitesa bure*. Bibi huyu alikuwa anaifuta miaka yake mwenyewe ili ilingane na sentensi ya mtani.

"Bibi," alisema, "yale maneno hakuyasema Desderi."

Alimweleza yote, bila kupamba: msiba, mtani, koti, rekodi, taka. Hata kalenda iliyogeuzwa ukutani aliisema. Bi Theodosia hakumkatisha. Mikono yake ilikuwa imeshika kikombe.

"Nani alikutuma?" aliuliza mwishowe.

"Hakuna, Bibi."

"Nilikuombeni mmalizie mchezo. Sikukuomba uende Mgeta ukachimbe. Nimelala usingizi siku chache tu, siku chache, mwanangu, na wewe umeona ni nyingi?"

"Nisamehe, Bibi."

"Usiniambie hilo neno."

Mwajabu aliinamisha kichwa. Miguu ilitaka kuondoka naye, akaishikilia. Nje mtoto wa jirani alikuwa anafundishwa kuendesha baiskeli na mtu anayemfokea.

"Unayo hiyo rekodi? Ile chafu?"

"Ninayo."

"Iweke."

Sauti ikajaa chumbani, na haikuwa sauti moja. Upepo, jembe likigonga jiwe, mtoto akilia, na katikati ya hayo yote Desderi wa kuigizwa, mwepesi, mkali, anayedai mguu wake wa kushoto bado maiti. Watu wakacheka. Mtu akatupa kitu, kikalia kama sarafu. *Yule msichana wa rangi, mkimwona, mwambieni mimi sikukasirika!* Kicheko kikaanza kwa mmoja. *Hata siku moja!* Kikasambaa. *Mimi na hasira tulikutana wapi?* Na hapo palipasuka. Ilikuwa ni kishindo cha watu waliokuwa wamelia siku mbili na sasa wamepata upenyo, wanapiga makofi, wanakohoa, mwanamke mmoja akisihi kwa sauti nyembamba, basi Sikudhani, basi, utaniua.

Bi Theodosia alikuwa ameweka kikombe chini.

"Huyo ni Felista," alisema. "Dada yake. Alikuwa anacheka hivyohivyo, kama mtu anayesakamwa na mfupa. Rudisha."

Mwajabu akarudisha.

"Na huyo anayekohoa ni Padri Kondrad. Kumbe alikuwa hai bado. Rudisha."

Akamrudishia tena na tena. Bibi alikuwa amejongea na kiti mpaka sikio lake likawa karibu na spika, anawataja mmoja mmoja, watu aliowajua enzi akifuatana na Desderi kwao, huyu wa duka, huyu alikuwa na mguu mbovu, na machozi yalikuwa yanamteremka bila yeye kuyajali. Mwajabu alielewa kwamba Bi Theodosia alikuwa amefika msibani. Alikuwa amechelewa kupita kiasi, lakini alikuwa amesimama pale kwenye migomba na wenzake, na safari hii watu walipocheka naye alicheka, kicheko kikavu kilichomshtua mwenyewe.

"Hasira mpaka roho inamtoka," alisema. "Anageuza na kalenda! Mpumbavu mkubwa." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Umewahi kujiuliza tuligombana nini?"

"Ulisema kuhusu mlango wa mwisho."

"Kuhusu kifurushi! Nimechora posta, nimechora mbuzi, nimechora shule, vyumba mpaka vidole vimeota sugu. Kila siku namuuliza, Desderi, ndani ya kifurushi kuna nini? Nichore uso wa mtu anayepokea nini? Barua ya mahakama? Nguo ya mtoto? Uso haufanani! Ananiambia subiri utaona. Miaka, mwanangu. Subiri utaona. Siku moja nikamkamata hivi, nikamwambia leo huniponyoki, akanitazama tu, nikajua." Alipiga paja. "Alikuwa hajui! Hakuwahi kujua! Alikuwa ananichoresha kijiji kizima akitumaini litamjia. Na badala ya kukiri akaniambia mimi sina imani. Mimi! Ndipo nikakusanya rangi zangu."

Alihema. Uso ule uliolegezwa na siku chache za amani ulikuwa umerudiwa na mifupa yake, na Mwajabu, kwa mshangao wake, aliona umependeza zaidi.

"Miaka yote najiuliza kama alinisamehe," Bi Theodosia akasema kwa sauti ya chini. "Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniuliza kama mimi nimemsamehe."

"Umemsamehe, Bibi?"

Alifikiri. Alifikiri kwa haki kabisa, akitazama dirishani, kama mtu anayepapasa mfukoni kuona kama kitu kipo.

"Hapana," akasema. "Nampenda, ananiuma, na sijamsamehe. Kesho kutwa nakwenda kumwambia hukohuko alikolala."

Mwajabu alitoa ubao wa kiapo. Vitufe viwili viliwaka, kimoja kijani, kimoja chekundu. Alimweleza tena maana ya kukataa, polepole, ili asije akasema hakujua: kwamba katika maisha yake hatauona mchezo wake ukitoka, kwamba watu hawataona hata kile kijiji alichokichora.

"Nimekuelewa mara ya kwanza. Wewe kama shahidi unaonaje?"

"Naona hayakuwa yake, Bibi. Wala yasingekuwa yake."

"Basi bonyeza, unangoja nini? Unaukumbatia huo ubao kana kwamba mchezo ni wako."

Mwajabu akabonyeza Kataa. Skrini ikauliza kama ana hakika, akabonyeza tena. Mlango wa mwisho ukafutika, na mahali pake pakabaki peupe.

Bi Theodosia akanyanyua kidole, akamnyooshea Mwajabu, kwa ukali wa mtu anayeacha wosia.

"Na siku nikifa mimi," alisema, "asithubutu mtu kukipa hicho kidude sauti yangu kikanisamehee watu. Wako wengine sijamaliza nao."